Habari za Siri Gazetini: Ni Nani Aliyeona?

Jirani yako akija jioni, akaketi barazani, akashusha sauti na kusema: «Yule mtu wa ng'ambo ya mto ameficha mikuki chini ya kitanda chake, ataka kutushambulia,» utamwuliza nini? Bila shaka utamwuliza: «Ni nani aliyeiona mikuki hiyo?» Na akikujibu: «Siwezi kumtaja, ila ni mtu mkubwa, tena mambo haya ni ya siri,» utafanyaje? Wengine wataondoka mbio kwenda kunoa mapanga. Wengine watakaa kwanza na kufikiri. Kesho yake sokoni utaisikia habari ile ile kinywani mwa mtu wa pili, kisha wa tatu, nawe utasema moyoni: «Kumbe ni kweli, maana watu watatu wameniambia.» Walakini huenda wote watatu waliipata kwa jirani yule yule wa jana.

Kwetu Kongo habari za namna hii zina jina lake, radio trottoir, na kila mtu mwenye akili huzipokea kwa tahadhari. Lakini habari ikipigwa chapa vizuri katika gazeti kubwa la nchi kubwa, tahadhari hiyo hupotea. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu jinsi mambo hayo yalivyotukia Marekani katika miaka ya 2002 na 2003, kabla ya vita vya Iraki. Tumeyachagua hayo kwa kuwa baadaye Baraza la Seneti la Marekani lilifanya uchunguzi, na magazeti yenyewe yakakiri makosa yao. Basi hatuna haja ya kukisia.

Jumapili moja ya Septemba

Kumbukeni kwanza hali ya siku zile. Tarehe 11 Septemba 2001 watu karibu 3000 waliuawa katika Marekani kwa ndege zilizotekwa. Watu walikuwa na hofu na hasira. Rais George W. Bush na wasaidizi wake wakaanza kumwelekea Saddam Hussein, mtawala wa Iraki. Mtu huyo hakuwa mwema. Tarehe 16 Machi 1988 majeshi yake yaliwatupia watu wa Halabja gesi ya sumu, wakafa watu wapatao 5000. Na baada ya vita vya 1991 aliwaficha wakaguzi wa Umoja wa Mataifa mambo mengi. Kwa hiyo mtu aliyesema kwamba Saddam ana silaha za siri hakuonekana kuwa mpumbavu. Yafaa tulitaje jambo hili tangu mwanzo, kwani ndilo lililowafanya waandishi wengi waache kuuliza.

Jumapili, tarehe 8 Septemba 2002, gazeti la New York Times lilitoa katika ukurasa wa kwanza habari ya mabomba ya alumini. Ilisemwa kwamba kwa muda wa miezi 14 Iraki ilikuwa ikijaribu kununua maelfu ya mabomba hayo, na kwamba maofisa wa Marekani wayaona kuwa ni ya kutengenezea mashine za kusafishia urani, yaani ni hatua ya kuelekea bomu la atomiki. Maofisa wenyewe hawakutajwa majina.

Sisi watu wa Kongo hatuhitaji kuelezwa sana habari za urani, kwa maana sehemu kubwa ya urani ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga. Lakini wanafunzi wetu wajue kwamba urani itokayo ardhini haiwi bomu hivi hivi. Ndani yake mna sehemu ndogo tu ifaayo, isiyofika hata 1 katika 100, nayo hutengwa kwa mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa mno. Ndani ya mashine hizo mna bomba jembamba na imara. Basi kama mabomba yale ya Iraki yalikuwa ya kazi hiyo, jambo lilikuwa zito kweli.

Asubuhi ya Jumapili hiyo hiyo, Makamu wa Rais, Dick Cheney, alihojiwa katika televisheni. Alipoulizwa juu ya Iraki alitaja mabomba yale, akaelekeza watu kwenye habari ya New York Times ya asubuhi ile. Condoleezza Rice, mshauri wa Rais katika mambo ya usalama, alisema katika kituo kingine kwamba mabomba ya namna ile kwa kweli yafaa kazi ya nyuklia tu, akaonya juu ya wingu la bomu la atomiki.

Tazameni vema jinsi mambo yalivyokwenda. Maofisa wa serikali walimnong'oneza mwandishi. Mwandishi akaandika. Kisha wakubwa wa serikali ile ile wakalishika gazeti mkononi wakasema: «Someni, hata gazeti limesema!» Ni kama mwanamke aliyepika chungu cha maharagwe jikoni mwake, akakitoa kwa mlango wa nyuma, akakipokea tena kwa mlango wa mbele, halafu akawaambia wageni: «Mwaona, hata jirani ameleta maharagwe yale yale!» Wageni wahesabu vyungu viwili, nacho ni kimoja.

Mabomba ya nani?

Sasa, je, serikali ilidanganya tu? Jambo si jepesi hivyo. Ndani ya idara ya upelelezi, CIA, walikuwapo watu walioamini kabisa kwamba mabomba yale ni ya urani. Lakini katika Wizara ya Nishati walikuwapo mafundi wa Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, watu waliozitumikia mashine hizo maisha yao yote. Mafundi hao walikuwa wamesema tangu mwaka 2001 kwamba mabomba yale hayafai kwa kazi hiyo: ni membamba mno kwa upana na mazito mno kwa unene. Tena yalilingana na mabomba ya roketi ndogo za milimita 81, ambazo Iraki ilizitengeneza tangu zamani bila kuficha. Hata watu wa upelelezi wa Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje hawakukubaliana na CIA.

Mabishano hayo yote hayakuwamo katika habari ya tarehe 8. Siku 5 baadaye waandishi wale wale walipata kujua kwamba kuna wenye mashaka. Je, wakaandika? Ndiyo, waliandika, lakini ndani ya makala nyingine, katika ukurasa wa 13, karibu na mwisho, tena kwa namna ya kumwonyesha msomaji kwamba wenye mashaka ni wachache. Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Watu wengi wadhani upendeleo wa gazeti ni kusema uongo. Mara nyingi sivyo. Gazeti laweza kuyasema yote mawili, lakini moja kwa sauti ya kengele na la pili kwa sauti ya mbu. Aliyesoma ukurasa wa kwanza akaenda kazini, hakujua kamwe ya kwamba mafundi walikataa.

Mwezi Oktoba mwaka ule ule wapelelezi waliandika taarifa kubwa ya siri kwa ajili ya wabunge. Katika taarifa ile mashaka yalikuwamo, ingawa mengine yaliwekwa pembeni. Lakini katika kijitabu kilichotolewa kwa watu wote, maneno mengi ya tahadhari, kama «twadhani», yaliondolewa. Uchunguzi wa Seneti wa mwaka 2004 ulilieleza jambo hilo waziwazi. Ni neno dogo, lakini likiondoka, dhana hugeuka kuwa habari ya hakika.

Kwa kweli habari ya upelelezi si ushahidi wa barazani. Ni vipande: picha iliyopigwa kutoka juu, maneno ya simu yaliyosikizwa kwa siri, masimulizi ya mkimbizi. Wapelelezi huviunganisha, kisha husema ni kwa kadiri gani wanaviamini. Mwezi Juni 2020 New York Times liliandika kwamba, kwa maoni ya wapelelezi wa Marekani, Warusi waliwapa watu wa Taliban fedha ili wawaue askari wa Marekani katika Afghanistan. Habari ilienea duniani kote kama jambo lililothibitika. Mwezi Aprili 2021 serikali ya Marekani ikaeleza kwamba wapelelezi wake waliiamini kwa kadiri ndogo au ya katikati tu. Msomaji wa kawaida angewezaje kulijua hilo, kama hakuelezwa siku ya kwanza?

Shahidi aliyeitwa Curveball

Turudi Iraki. Mwaka 1999 Mwiraki mmoja, mtu aliyesomea kemia, alifika Ujerumani akiomba hifadhi. Aliwaambia wapelelezi wa huko kwamba katika Iraki kuna malori yenye vyumba vya kutengenezea sumu za magonjwa, malori yanayohamahama ili yasionekane. Alipewa jina la siri, Curveball. Wapelelezi wa Marekani hawakupata kumhoji wenyewe kabla ya vita. Hata hivyo, tarehe 5 Februari 2003, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Colin Powell, alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, akaonyesha michoro ya malori yale, akasema kwamba shahidi ameyaona kwa macho yake.

Powell alikuwa mtu wa heshima, jenerali aliyesifiwa na pande zote. Alisema pia kwamba wako mashahidi wengine juu ya malori hayo. Lakini mmoja wao alikwisha kuandikwa na wapelelezi wa jeshi kuwa ni mtu wa kubuni maneno, tangu Mei 2002. Onyo liliandikwa, wala halikumzuia Powell kumtumia. Siku ya pili magazeti mengi ya Marekani yalimsifu Powell, na makala ya wahariri wa Washington Post ikapewa kichwa cha neno moja, ambalo maana yake ni «Hayakanushiki». Kwa hakika hakuna mhariri hata mmoja aliyeliona lori lenyewe. Waliona mchoro wa lori.

Mwaka 2011 Curveball mwenyewe aliliambia gazeti la Uingereza, The Guardian, kwamba alisema uongo ili Saddam aangushwe.

Mwezi uliofuata hotuba ya Powell, yaani tarehe 7 Machi 2003, Mohamed ElBaradei, Mmisri aliyekuwa mkuu wa shirika la nguvu za atomiki la Umoja wa Mataifa, alieleza katika Baraza lile lile kwamba barua zilizodaiwa kuonyesha kuwa Iraki ilinunua urani katika Niger ni za kughushi. Barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na jina la waziri aliyeacha kazi hiyo zaidi ya miaka 10 kabla yake! Kosa la namna hiyo hata karani wa ofisi ndogo angeligundua, kama angepewa nafasi ya kutazama. Lakini Rais Bush alikwisha kuwaambia wabunge na watu wake tarehe 28 Januari kwamba Saddam alitafuta urani Afrika, na kwamba Waingereza ndio waliojua. Hapa tena yupo jirani aliyemsikia jirani.

Mtu mwenye kofia

Yako mambo mawili mengine ambayo hatuwezi kuyaacha.

La kwanza ni la Desemba 2001. New York Times lilitoa katika ukurasa wa kwanza masimulizi ya mhandisi wa Kiiraki aliyekimbia, akisema kwamba alitengeneza vyumba vya siri katika visima, chini ya nyumba za watu, hata chini ya hospitali ya Baghdad. Waliompatanisha na mwandishi ni Iraqi National Congress, chama cha wakimbizi kilichoongozwa na Ahmed Chalabi, ambaye shabaha yake ilikuwa kumwondoa Saddam na kurudi kwao. Mtu atakaye kurudi kwao ana haki ya kusema. Lakini msikilizaji naye ana wajibu wa kukumbuka kwamba huyo ana haja yake. Mwanzoni mwa mwaka 2004, Saddam alipokuwa amekwisha kushikwa, Wamarekani walimchukua mhandisi yule hadi Iraki ili awaonyeshe mahali alipofanya kazi. Silaha hazikuonekana.

La pili ni la Aprili 2003, vita vilipokuwa vimeanza. Mwandishi wa gazeti lile lile alifuatana na kikosi cha askari waliotafuta silaha. Akaandika kwamba mtaalamu mmoja wa Kiiraki amewaeleza askari kuwa silaha za sumu ziliharibiwa siku chache tu kabla ya vita. Je, mwandishi alizungumza na mtaalamu huyo? Hakuzungumza naye. Hakuruhusiwa kumhoji wala kulitaja jina lake, na makala ilipitiwa kwanza na wakubwa wa jeshi. Alimwona kwa mbali tu, amevaa kofia ya michezo, akionyesha kwa kidole mahali katika mchanga. Habari hiyo ilikwenda katika ukurasa wa kwanza. Twamshukuru mwandishi angalau kwa jambo moja: aliyaeleza masharti hayo mwenyewe ndani ya makala, ili mwenye macho aone.

Wale waliouliza

Tusidhani kwamba wote walilala. Mjini Washington kulikuwa na ofisi ya kampuni ya Knight Ridder, yenye magazeti kama 30 katika miji mbalimbali ya Marekani, lakini si katika New York wala Washington. Mkuu wa ofisi alikuwa John Walcott, na waandishi wake Jonathan Landay na Warren Strobel. Hawa hawakukaa sana mezani pamoja na mawaziri. Waliwatafuta watu wa chini yao: mafundi, wapelelezi wa kawaida, maofisa wa jeshi ambao kila siku walishika karatasi zenyewe. Tangu Septemba 2002 waliandika kwamba ndani ya serikali kuna watu wasioona ushahidi wa kutosha, na Oktoba wakaandika juu ya mabishano ya mabomba.

Kwa nini hawakusikika? Kwanza, wakubwa wa Washington hawakuyasoma magazeti yao. Tena mara nyingine hata magazeti ya kampuni yao wenyewe hayakupiga chapa makala zao, kwa kuwa hayakufanana na yale ya New York Times! Mhariri wa mji mdogo aliona haya kusema kinyume cha gazeti kubwa. Na sisi, wasomaji wapenzi, hatujapata kuona haya za namna hiyo katika mikutano yetu?

Katika Washington Post mwandishi mzee, Walter Pincus, aliandika makala yenye mashaka juu ya ushahidi wa serikali. Ilitolewa tarehe 16 Machi 2003, siku chache kabla ya vita, katika ukurasa wa 17. Gazeti hilo lilijichunguza mwaka 2004, likahesabu makala zaidi ya 140 za ukurasa wa kwanza, tangu Agosti 2002 hadi vita kuanza, ambazo zilijaa maneno ya serikali dhidi ya Iraki.

Vita vilianza tarehe 20 Machi 2003. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix, waliokuwa Iraki tangu Novemba bila kuona silaha hizo, iliwabidi kuondoka. Baadaye Marekani ilipeleka watu zaidi ya 1000 kupekua nchi nzima. Taarifa yao ya mwaka 2004 ilisema kwamba kazi ya kutafuta bomu la atomiki ilikoma tangu 1991, na akiba za silaha za sumu hazikuwapo. Mabomba ya alumini yalikuwa ya roketi. Hadi askari wa Marekani walipoondoka mwaka 2011, walikuwa wamekufa karibu 4500 miongoni mwao, na raia wa Iraki zaidi ya 100,000.

Tarehe 26 Mei 2004 wahariri wa New York Times waliandika kwamba makala zao kadhaa hazikuchunguzwa inavyopasa, na kwamba waliokimbia Iraki waliaminiwa kupita kiasi. Ilikuwa ni haki kukiri, na si magazeti mengi yafanyayo hivyo. Lakini ungamo hilo lilipigwa chapa katika ukurasa wa 10.

Wanafunzi wetu wenye kupenda kujizoeza wachukue kalamu ya risasi na gazeti lolote, hata letu. Wapige mstari chini ya kila «yasemwa», «wenye kujua wasema», «habari za siri zaonyesha». Kisha watafute majibu matatu: aliyeona ni nani, ana haja gani, na ndani ya nyumba ile ile ni nani asiyekubali. Mara nyingi watapata jibu moja, na mara nyingine hawatapata hata moja.

Tusiende mbali, tukasema kila neno la wapelelezi ni uongo. Baada ya Iraki wengi walisema hivyo, nao walipotea kwa upande wa pili. Mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali ya Marekani ilionya kwamba Urusi iko karibu kuishambulia Ukraine. Tarehe 3 Februari msemaji wake aliwaeleza waandishi kwamba Warusi wanatengeneza filamu ya uongo ili wapate sababu ya vita. Mwandishi mmoja akamwuliza: ushahidi uko wapi? Msemaji akajibu kwamba kutangaza kwake ndiyo habari yenyewe. Wakabishana mbele ya watu wote, na ushahidi haukutolewa siku ile. Tarehe 24 Februari majeshi ya Urusi yalivuka mpaka. Onyo lilikuwa la kweli, na swali la yule mwandishi lilikuwa la haki.